Kesi ya Ijumaa

Kwa miaka thelathini na minane Padri Wenceslaus alifundisha falsafa katika seminari moja mkoani Tabora, na katika miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyetoka darasani mwake akilalamika kwamba swali lake limekosa jibu. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake. Yeye mwenyewe alijua kwamba kiburi ni dhambi, tena angeweza kukueleza ni dhambi ya namna gani na imegawanyika mara ngapi, lakini sifa ile aliifurahia kimyakimya kama mtoto anayeficha sukari mdomoni. Na ndiyo iliyokuja kumponza.

Alipostaafu alipewa nyumba ndogo huko Itetemia, yenye vyumba viwili, ukumbi, mipapai minne uani na geti la bati ambalo lisipofungwa kwa kamba, mbuzi wa jirani huingia na kumaliza mchicha. Alihamia na vitu vichache: kitanda, msalaba, redio, na madaftari kumi na moja yenye jalada jeusi. Madaftari hayo aliyathamini kuliko kitanda. Ndani yake mlikuwa na kesi za Ijumaa.

Kesi za Ijumaa zilikuwa desturi ya seminari tangu zamani, naye aliirithi kwa mwalimu wake na kuilinda kama mboni ya jicho. Kila Ijumaa alasiri mwanafunzi mmoja alisimama mbele ya wenzake na kusoma jambo gumu la dhamiri. Kuna mtu ameiba dawa kumponya mama yake. Kuna mlinzi aliyeona kosa la tajiri wake. Mtu huyo hakuwa na jina, aliitwa Fulani tu. Sharti kubwa la Ijumaa lilikuwa moja, kwamba hakuna ruhusa ya kuuliza Fulani ni nani. Huenda alikuwa mtu wa kubuni, huenda alikuwa baba wa msomaji, huenda alikuwa msomaji mwenyewe, na anayeuliza alitolewa nje akaoteshe nyanya bustanini. Padri Wenceslaus alisikiliza, akapambanua, akajibu, na jibu likaandikwa daftarini. Alisema kwamba ukiondoa majina unaondoa chuki na upendeleo, na ukweli unabaki peke yake kama maji yaliyochujwa. Vijana waliipenda sana kauli ile. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna vitu vingine pia vinavyobaki kwenye chujio.

Katika vijana wote waliopita mikononi mwake, aliyempenda zaidi aliitwa Benjamini. Alikuwa mtoto wa mlinzi wa msitu kutoka Itundumo, kijiji cha wakulima na warina asali kilichokaa pembeni mwa hifadhi, mbele kidogo ya Usinge. Benjamini alikuwa na kichwa chepesi na moyo mzito. Wenzake walipokwisha kuridhika na jibu, yeye alibaki amekaa, ameshika kalamu, anauliza, "Lakini Mwalimu, na huyo mwingine je, aliyeibiwa?" Mwaka wa tano aliacha seminari. Hakukosana na mtu. Alisema tu kwamba wito wake haukuwa wa altare, akarudi kwao, akaoa msichana anayeitwa Paskazia, akalima tumbaku na mahindi. Padri Wenceslaus alisononeka kama mzazi aliyekimbiwa na mwana, kisha akazoea. Baadaye akasikia kwamba watu wa Itundumo wamemchagua Benjamini kuwa mwenyekiti wa kijiji, na hapo akafurahi, akasema angalau mtawala mwanafalsafa wa Plato amepatikana kwa watu maskini. Ulikuwa ni utani wa darasani, hakuna aliyecheka.

Ilikuwa mwezi wa Juni, siku ya Ijumaa, Benjamini alipobisha hodi Itetemia. Alikuja na chupa mbili za asali na kofia mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema mlangoni.

"Milele amina. Benjamini! Ingia baba, ingia. Umekonda hivyo, au ni macho yangu?"

"Ni kiangazi, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba, marahaba."

Waliulizana hali. Paskazia hajambo, watoto watatu hawajambo, mizinga imetoa vizuri mwaka huu. Padri alichemsha chai. Chai ya Benjamini ilipoa mbele yake bila kuguswa. Alikuwa anaizungusha kofia ile kwenye vidole, mzunguko baada ya mzunguko, na kucha zake zilikuwa na udongo mwekundu kama za mtu aliyetoka kuchimba. Padri aliyaona hayo yote. Baadaye, alipokuwa anajihukumu, ndilo hasa lililomuuma, kwamba aliyaona yote.

"Mwalimu," alisema Benjamini, "leo ni Ijumaa. Bado unapokea kesi?"

Mzee wa watu alifurahi kupita kiasi. Miaka sita hakuna aliyemletea kesi. Waliokuja walimletea magonjwa yao na barua za kuombea kazi. Alinyanyuka upesi, akachukua daftari la kumi na moja, akavaa miwani, akakaa wima kwenye kiti cha plastiki kana kwamba nyuma ya Benjamini kuna madawati arobaini.

"Soma," alisema.

Benjamini hakuwa na karatasi. Alisema polepole, macho chini. "Kuna Fulani. Fulani ni kiongozi wa watu wachache. Watu hao wanalima ardhi ambayo wanaamini ni yao, na babu zao waliamini hivyo. Fulani peke yake anajua kwamba si yao. Alionyeshwa alama za mpaka na baba yake kabla baba hajafa, na alama zenyewe zimefukiwa, hakuna mwingine aliye hai anayezijua. Sasa wakubwa wanakuja kuuliza mpaka uko wapi. Fulani akisema anachokijua, watu wake watahamishwa. Akisema hajui, watakaa. Fulani afanye nini?"

Padri alifumba macho. Hiyo ilikuwa namna yake ya kuonja kesi.

"Wanaouliza wana mamlaka halali?"

"Wanayo."

"Wanauliza jambo lililo ndani ya mamlaka yao?"

"Ndiyo."

"Na watu watakaohamishwa watapewa pengine pa kukaa?"

"Wakubwa wameahidi. Iko barua."

"Ni wenye haki, hao wakubwa?"

Benjamini aliacha kuizungusha kofia. "Fulani hajui, Mwalimu. Hapo ndipo anapokwama. Wengine ni wazuri. Wengine hawajui hata jina la kijiji."

Kama Padri Wenceslaus angefumbua macho wakati ule, angeona machozi ya mtu mzima. Lakini jibu lilikuwa limekwisha kumjia, limenyooka, lina mguu wa kwanza na wa pili, na mwalimu aliyepata jibu zuri ni sawa na mpishi mwenye sufuria motoni, hasikii hodi. Alisema kwamba ujuzi haukupewa mtu ili aufukie. Alisema kiongozi anayewatawala watu kwa uongo, hata uongo wa huruma, amewafanya watoto wake milele, kwa sababu amewanyima ukweli ambao ni chakula cha watu huru. Alisema utawala wa haki hausimami juu ya shahidi anayenyamaza. Na kuhusu wakubwa, alisema, mamlaka halali huhesabiwa kuwa ya haki mpaka ijulikane vinginevyo. Fulani hana ruhusa ya kuwahukumu kwa dhambi ambayo hawajaitenda.

"Kwa hiyo aseme," alisema Benjamini.

"Akiulizwa, aseme. Dhamiri yake haina njia nyingine."

"Na kama watu wake watateseka?"

"Dhambi itakuwa ya watakaowatesa. Haitakuwa yake."

Benjamini aliitikia kwa kichwa mara nyingi, taratibu. Alishukuru. Aliaga. Alipofika mlangoni alisimama, akageuka, akamtazama mwalimu wake kama mtu aliyesahau kitu mezani. Padri alikuwa amekwisha kuinama juu ya daftari, anaandika jibu kabla halijamtoka.

"Ukitoka ufunge geti vizuri," alimwambia bila kuinua uso. "Mbuzi wa jirani hawana adabu."

"Nitafunga, Mwalimu."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho waliyoambiana hapa duniani.

Kiangazi kiliisha. Mwishoni mwa Novemba, mvua zilipokuwa zimeshika, Padri alikwenda mjini kama kawaida yake kunywa kahawa kwa Mzee Humaidi. Humaidi alikuwa na duka la asali na tende karibu na soko. Babu zake walitoka Omani, wakaifuata njia ya misafara mpaka Tabora, wakaoa hapa, wakazikwa hapa, na yeye alipenda kusema kwamba ukoo wake una miaka mingi Tabora kuliko reli. Walikuwa marafiki wa kutaniana. Humaidi humwita Padri shehe aliyepotea njia, na Padri humwambia Humaidi kwamba akifa ataombewa kwa siri.

Siku hiyo Humaidi hakutania. "Mwaka huu sina asali ya Usinge," alisema. "Watu wangu wamefukuzwa."

"Watu wako gani?"

"Wa kijiji kile cha warinaji, Itundumo. Walikuja watu wa kamati ya mipaka wakasema mpaka wa hifadhi unafuata ile njia ya zamani ya misafara. Wanakijiji wakasema njia ilipita ng'ambo ya mto. Basi mwenyekiti wao mwenyewe, Padri wangu, mwenyekiti wao waliyemchagua, akachukua jembe akawapeleka mpaka shambani kwake akafukua jiwe la mpaka. Jiwe la kwanza lilikuwa katikati ya mahindi yake. Yakatoka mawe saba. Walipewa siku thelathini. Siku ya kumi na tisa wakaja na matrekta, mahindi yako magotini, mvua inanyesha. Sasa wako kwenye maturubai kando ya reli. Ardhi ya kubadilishana hakuna anayeijua iko wapi. Wanasema mwenyekiti alinunuliwa."

Padri alikuwa ameinua kikombe. Alikiweka chini kwa mikono miwili.

"Hakununuliwa," alisema.

"Umejuaje?"

 Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha ya Padri mtu kumuuliza swali naye akakosa la kusema. Alivaa kofia yake akaenda nyumbani kwa miguu, mvua ikimnyeshea, wala hakuiona.

Mtu anaweza kudhani kwamba usiku ule ule alifunga safari ya Usinge. La. Hapa hatutampamba. Padri Wenceslaus alikuwa na namba ya simu ya Benjamini, akaibonyeza mara nne, na mara zote nne akakata kabla haijaita. Alijiambia kwamba vijiji ni vingi na mipaka ni mingi. Alijiambia kwamba jibu lake lilikuwa sahihi, akafungua daftari, akalisoma tena, na kwa kweli lilikuwa sahihi, huwezi kulitoa kosa. Alilisoma mara tano akitafuta kosa kama mtu anayetafuta mwiba kwenye mguu unaouma, hakuupata, na mguu ukaendelea kuuma. Alijiambia kwamba Benjamini akimhitaji atakuja mwenyewe. Wiki saba zilipita hivyo. Siku alipopiga moyo konde akaiacha simu iite, sauti ya mashine ilimwambia kwamba namba anayopiga haipatikani.

Paskazia alikuja katikati ya Januari, siku ya Ijumaa. Padri alikuwa amemwona mara moja tu, siku ya harusi, msichana mnene mwenye kicheko. Aliyesimama mlangoni sasa alikuwa mwanamke mkavu aliyevaa kitenge cheusi, na viganja vyake vilikuwa na makovu ya malengelenge yaliyopasuka. Alisalimia vizuri, akapokea kiti, akakataa kikombe cha chai alichowekewa.

"Padri," alisema, "nimeleta kesi."

"Kesi?"

"Ya Ijumaa. Nyumbani tulikuwa tunazifanya. Watoto wakigombana baba yao aliwaambia walete kesi, Fulani kamchapa Fulani. Najua masharti yake."

 Padri aliinua mkono, kumwashiria aendelee.

"Kuna Fulani, ni mwanamke," alianza Paskazia, na sauti yake ilikuwa tulivu mno. "Mume wa Fulani alisema ukweli, watu wakapoteza mashamba. Hata la kwake lilipotea, tena ndilo lililotangulia. Watu wakasema amekula hela. Walimuuliza nani kakununua, akawajibu, nilijua, nikaulizwa, nikasema. Basi. Hakuongeza neno. Alibeba mizigo ya kila mtu kutoka kijijini mpaka kwenye reli kwa baiskeli, hata ya wale waliomtemea mate, siku sita mvuani. Siku ya saba akaanza homa. Alilala kwenye turubai siku kumi na moja. Hakuna aliyekuja kumjulia hali. Alipokufa, hakuna aliyekuja kuchimba kaburi."

Kwa mtu wa huko neno hilo halihitaji maelezo. Unaweza kugombana na jirani miaka ishirini, lakini akifa unachukua jembe. Kijiji kikisusa msiba kimesema kwamba mtu huyo hakuwahi kuwa mtu.

"Fulani alichimba mwenyewe," aliendelea Paskazia, "na mtoto wake wa kike wa miaka kumi na mitatu. Udongo ulikuwa na maji. Hawakufika mbali. Kaburi ni fupi, Padri, linafika hapa." Aliweka mkono kwenye goti lake. "Sasa, Fulani anajua kitu. Anajua kwamba mume wake hakununuliwa. Kabla ya kusema, mume alikwenda kumwona mzee mmoja anayemwamini kuliko watu wote, akamuuliza afanye nini, na mzee akamjibu. Fulani akimtaja mzee huyo, watu watajua ukweli. Jina la mume wake litasafishwa, na watoto wake hawataitwa watoto wa msaliti. Lakini mume wake alimwapisha kabla hajakata roho asimtaje. Alisema yule mzee ndiye aliyemfundisha kufikiri na kusali, na ni mzee sana, watu wasije wakamchukia. Kwa hiyo Fulani anajua, na amefungwa mdomo. Nimekuja kuuliza afanye nini."

Nje, mbuzi alilia. Redio ya jirani ilikuwa inatangaza bei ya tumbaku. Padri Wenceslaus, aliyepambanua kesi zaidi ya elfu moja, alimtazama mwanamke yule, makovu yake, kitenge chake kilichofifia kwenye mikunjo, na midomo yake ikafunguka ikasema neno ambalo kwa miaka thelathini na minane lilimtoa mtu nje ya darasa.

"Fulani ni nani?"

Paskazia alimwangalia.

"Sasa ndiyo unauliza," alisema.

Hapo mzee alilia. Hakulia kama wanavyolia watu wa dini, kwa kitambaa na kichwa kilichoinama. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kamasi zikimtoka, na Paskazia hakumnyamazisha wala hakumgusa. Aliacha alie. Alipokwisha, Paskazia akamsukumia kile kikombe cha chai alichokuwa amekikataa.

Katika kulia kule lilimjia jambo alilolifundisha kila mwaka bila kulielewa. Mungu, anayejua yote, alipoingia bustanini alimtafuta Adamu kwa swali, akamuuliza yuko wapi. Wanafunzi walikuwa wakishangaa kila mwaka, kwa nini anayejua yote aulize? Naye aliwajibu kwa ufundi mkubwa, kwa sababu tatu zenye majina ya Kilatini. Na sasa aliona kwamba sababu ilikuwa ndogo na ya kawaida kabisa. Aliuliza kwa sababu alimpenda. Naye Wenceslaus, asiyejua hata nusu, hakuuliza.

"Mwambie Fulani asivunje kiapo chake," alisema hatimaye. "Mzee atajitaja mwenyewe."

Walisafiri Jumamosi kwa basi mpaka Kaliua, na kutoka hapo kwa gari lililobeba mbolea. Padri alikaa mbele na dereva, goti lake bovu likigonga mlango, na njia nzima Paskazia hakuzungumza naye zaidi ya kumwonya mahali penye shimo. Hakumchukia, wala hakumsamehe. Alikuwa na kazi moja tu duniani, na mzee yule alikuwa ndiye chombo cha kuifanyia.

Jumapili asubuhi watu wa Itundumo walikusanyika chini ya turubai walilolifanya kanisa. Walikuwa labda mia mbili. Maji yalikuwa yamejaa kwenye mitaro, watoto walikuwa wanakohoa. Baada ya katekista kumaliza sala, Padri Wenceslaus aliomba nafasi akasimama mbele yao, ameshikilia mti wa turubai. Na mazoea yana nguvu, maana maneno yaliyomtoka kwanza yalikuwa haya:

"Kuna Fulani mmoja..."

 Paskazia, nyuma kabisa pamoja na watoto wake watatu, aliinua uso.

"Hapana," alisema Padri. "Hakuna Fulani. Naitwa Wenceslaus. Nilikuwa mwalimu wa Benjamini. Mwezi wa Juni alikuja kwangu Itetemia akaniuliza aseme au anyamaze. Nilimwambia aseme. Nilimwambia wakubwa watawatendea haki. Sikuwajua wakubwa, wala sikuwajua ninyi, nilijua kanuni tu. Benjamini hakupewa hata senti. Alinitii mimi. Kama mnataka mtu wa kumsusa, nimekuja, nipo hapa."

Turubai lilipigwa na upepo. Mwanamume mmoja wa makamo alisimama, jina lake Marko. Watu wote walijua kwamba ndiye aliyetangulia kusema asiende mtu kuchimba.

"Padri, shikamoo."

"Marahaba."

"Ulipomjibu, ulijua kwamba ni sisi?"

"Sikujua."

"Ulimuuliza?"

"Sikumuuliza."

Marko alibaki amesimama, anatafuna shavu lake kwa ndani. Alikuwa amepoteza ekari nane na mizinga arobaini, na kwa miezi miwili chuki ndiyo iliyomlaza na kumwamsha. "Bora angekuwa kala hela," alisema. "Mizigo yangu aliibeba yeye. Kitanda cha mama yangu alikibeba yeye. Nilikuwa namwangalia anasukuma baiskeli kwenye tope, nikasema moyoni, dhambi zake ndizo zinazomsukuma."

 Alitoka nje ya turubai, akaenda kwenye kibanda chake, akarudi na jembe begani. Akapita katikati ya watu bila kumtazama mtu, akaelekea upande wa makaburi. Mwanamume mwingine akatoka. Kisha watatu. Baada ya muda hakubaki mwanamume chini ya turubai isipokuwa Padri, na wanawake nao wakachukua karai na ndoo wakafuata.

Hawakumfukua. Walichimba udongo mkavu mbali, kwenye kichuguu, wakaubeba, wakaujaza juu ya kaburi lile fupi, wakaushindilia kwa miguu kama inavyopaswa, mpaka likawa na kimo cha kaburi la mtu. Walifanya kazi bila kuimba. Wengine walilia huku wanachimba. Ardhi yao haikurudi kwa ajili ya hilo, na mahindi yao yaliendelea kuozea kwenye shamba walilokatazwa kukanyaga, na Benjamini hakujua kwamba wamekuja. Ukweli ulikuwa umesemwa mara ya pili, tena kwa ukamilifu, na Benjamini alikuwa bado amekufa.

Padri Wenceslaus alisimama kando na Paskazia. Alitaka kumwomba msamaha, lakini kila neno alilolijaribu kichwani lilikuwa na sura ya somo. Paskazia ndiye aliyesema kwanza, macho yakiwa kwa wachimbaji.

"Siku ile ulimwambia afunge geti."

"Ndiyo."

"Alinisimulia siku alipokuwa na homa. Alisema kamba ile aliifunga akaifungua, akaifunga tena. Alikaa hapo nje muda mrefu, mpaka jirani yako akamuuliza kama amepotea." Paskazia alijifunga kitenge upya kiunoni. "Alisema alikuwa anakupa nafasi, Padri. Alidhani utatoka umuulize."

Kisha akainama, akachukua karai la udongo lililokuwa karibu na mguu wa Padri, akalibeba mwenyewe mpaka kaburini.